Barbados na Jamaica: kisiwa kipi kina maisha bora?

Ukitaka kujua watu wa nchi fulani wanaishije, usiishie kwenye wastani wa pato lao. Uliza pia kama mshahara wa leo utanunua kitu mwakani, kama anayetoka kazini usiku hufika kwake salama, na uchumi ukiyumba, mzigo hugawanywa vipi.

Barbados na Jamaica zinafaa sana kwa maswali hayo. Zote zilitawaliwa na Uingereza, zikajengwa kwa jasho la Waafrika waliotumikishwa kwenye mashamba ya miwa, na zikarithi bunge na sheria za aina moja. Jamaica ilipata uhuru Agosti 1962, Barbados Novemba 1966. Kwa utajiri wa asili Jamaica ndiyo iliyopendelewa: ina boksiti, mito na ardhi kubwa, ilhali Barbados ni kisiwa cha mawe ya chokaa chenye watu wasiofika laki tatu. Hata hivyo, wachumi Peter Blair Henry na Conrad Miller walionyesha mwaka 2009 kwamba kati ya 1960 na 2002 pato la kila mtu lilikua kwa wastani wa asilimia 2.2 kwa mwaka Barbados, na asilimia 0.8 tu Jamaica.

Mwaka 1991 unaeleza mengi. Barbados ilikuwa taabani, na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, likaishauri ishushe thamani ya sarafu yake. Serikali ilikataa, ikapunguza mishahara ya watumishi wa umma kwa asilimia 8. Watu waliandamana, lakini mwaka 1993 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia saini mapatano ya kudhibiti mishahara na bei. Dola mbili za Barbados bado ni sawa na dola moja ya Marekani, kama ilivyokuwa mwaka 1975.

Mwaka huohuo wa 1991 Jamaica ililegeza udhibiti wa fedha za kigeni. Dola ya Marekani, iliyokuwa ikiuzwa kwa chini ya dola 10 za Jamaica, ilipita 20 kabla ya mwaka kwisha, na mfumuko wa bei ukafika asilimia 80. Aliyekuwa na akiba benki aliiona ikiyeyuka. Leo dola moja ya Marekani inauzwa kwa zaidi ya dola 150 za Jamaica.

Kuna pia usalama. Kwa miaka mingi Jamaica, yenye watu karibu milioni 2.8, ilikuwa ikipoteza zaidi ya watu 1,000 kila mwaka kwa mauaji. Duka hulazimika kulipia walinzi, na mfanyakazi huogopa zamu ya usiku. Gharama hiyo haionekani kwenye wastani wa pato.

Hata hivyo, sarafu imara haikuiepusha Barbados na madeni. Mwaka 2018, deni likiwa limepita asilimia 150 ya pato la taifa, serikali mpya ya Waziri Mkuu Mia Mottley ilisitisha malipo kwa wadai wa kibiashara wa nje. Bei za vyakula nazo ni kali, kwa kuwa vingi huagizwa ng'ambo.

Jamaica nayo iligeuka. Mwaka 2013, deni lake likiwa limepita asilimia 140 ya pato la taifa, serikali, wafanyabiashara, wafanyakazi na asasi za kiraia waliweka mapatano yanayofanana na yale ya Barbados. Kamati iliyojumuisha watu wa nje ya serikali ilifuatilia utekelezaji na kutangaza matokeo hadharani. Vyama vikuu viwili vilipokezana madaraka bila kuvunja mapatano hayo, na katika muda wa mwongo mmoja uzito wa deni ukapungua kwa karibu nusu.

Kwa jumla Barbados bado iko mbele: Umoja wa Mataifa huiweka katika kundi la juu kabisa la maendeleo ya binadamu, na Jamaica katika kundi linalofuata. Pengo hilo halikuletwa na ardhi wala madini. Anayelinganisha nchi nyingine mbili aanze hapo: mambo yalipoharibika, nani aliitwa mezani, nani alikubali kupoteza nini, na je, makubaliano yalidumu baada ya uchaguzi?