Kipupwe cha Soweto na Sado ya Maharage

Juni ikifika Soweto, ile ya Mbeya, maji yaliyolala nje kwenye ndoo huwa makali hivi kwamba mtoto akiambiwa anawe uso hutafuta kisingizio. Mvua zimekatika tangu Mei. Kilele cha Loleza kinaonekana wazi, na upepo unaoshuka kutoka huko hupenya maturubai ya wauza viazi bila kubisha hodi. Akina mama wamevaa masweta ya mtumba juu ya vitenge, makuli wamejikunyata kando ya malori wakingoja mizigo, na kila jiko la mkaa limezungukwa na watu watatu wanaota moto huku wakisema wanasubiri chai. Hiki ndicho kipupwe, na ndio msimu ambao kanisa dogo la mtaani huwa na kazi nyingi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, hata kuliko Krismasi.

Huko Scotland walikotoka wamisionari wa Kipresbiteri, Julai ni mwezi wa jua. Shule zimefungwa, na makanisa huwaita watoto wa jirani waje kuimba, kucheza na kusimuliwa habari za Biblia. Kwetu shule nazo hufungwa, kuanzia Juni, ila tuko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari na baridi haina mchezo. Tunachokuwa nacho badala ya jua ni mavuno. Mahindi yamekauka, maharage yamepigwa na kupepetwa, viazi vya Uporoto vinashuka kwa magunia. Watoto wapo nyumbani na chakula kipo ndani. Mtu akitaka kuwatendea wema majirani zake, asubiri nini tena?

Wapresbiteri wenyewe ni wachache Mbeya. Ukiuliza njia ya kanisani utaelekezwa kwanza kwa Wamoravian, kisha kwa Walutheri, kisha kwa Wapentekoste, na hao wa mwisho wako kila kona. Lakini mkono wa Wapresbiteri katika nchi hii ni wa zamani, na naona haufahamiki inavyostahili. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka huohuo Wajerumani wa Kilutheri wa misioni ya Berlin wakafungua vituo vyao katika nchi hiyohiyo ya Konde, yaani ya Wanyakyusa. Wakati huo Waskoti wa misioni ya Livingstonia, iliyoanzishwa mwaka 1875 huko Nyasa, Malawi ya leo, walikuwa tayari wamesogea hadi kichwa cha kaskazini cha ziwa, upande wa Karonga. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huku mwaka 1916, wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa. Sharika zilibaki mikononi mwa walimu na wazee wenyeji, na vita ilipokwisha walioombwa kuzitazama ni hao Waskoti wa Livingstonia, hadi Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Kwa miaka hiyo Wamoravian na Walutheri wa kusini walikuwa chini ya malezi ya Wapresbiteri. Mimi husema, na sijutii kusema, kwamba ndugu hawa watatu walinyonya ziwa moja.

Jina lenyewe linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mzee. Kanisa la Kipresbiteri ni kanisa la wazee: mchungaji ni mmoja kati yao, na mambo huamuliwa kikaoni. Nadhani ndiyo maana mpango huo haukuonekana mgeni kwa watu wa milima hii, waliokuwa wamezoea mambo kuamuliwa barazani. Hadi leo, ukitembelea usharika wowote mdogo wa Soweto, uwe wa Kipresbiteri, wa Kimoravian au wa Kilutheri, utamkuta mzee wa kanisa mwenye eneo lake na nyumba zake. Anajua nani amelazwa, nani amefiwa, nani hajaonekana kwa majuma matatu, na nani anaonekana kila Jumapili lakini jiko lake haliwaki. Huyo wa mwisho ndiye mgumu kumfikia, kwa maana hasemi.

Basi kazi ya kipupwe huanza na mzee na daftari lake. Hupita jioni, watu wakiwa wamerudi kutoka sokoni. Atasimama mlangoni, "Hodi wenyewe," na ndani atajibiwa karibu. "Bwana asifiwe, mama." "Asifiwe milele, mzee wetu. Karibu kiti." Hataulizia haja ya mtu moja kwa moja. Ataulizia mahindi, atasifu watoto walivyokua, atakunywa chai hata kama amekwisha kunywa nyumba nne. Akitoka hapo anajua. Nimewahi kusikia wageni wakilalamika kwamba huduma ya namna hii ni polepole, kwamba fomu ingemaliza mambo kwa siku moja. Fomu ingepata majibu ya wale wasioona haya kuomba.

Watoto nao wana juma lao. Kuna makanisa yanayoliita semina, mengine kambi, ingawa mara nyingi hakuna anayelala hapo. Asubuhi hujaa uani, wa kanisani na wasio wa kanisani, na Waislamu wa nyumba za jirani wamo, kwa sababu mpira ni mpira. Wanafundishwa nyimbo, wanakariri mistari, wanaigiza Daudi na Goliathi kwa kelele za kutosha kusikika hadi barabara kuu. Makanisa yenye bahati huiweka siku yao kubwa karibu na tarehe 16 Juni. Kwa mtaa wenye jina hili tarehe hiyo ina uzito wa pekee. Soweto ya Johannesburg ndiko wanafunzi walikoandamana tarehe 16 Juni 1976 kukataa kulazimishwa kusomeshwa kwa Kiafrikaana, wakapigwa risasi, na ndiyo sababu tangu 1991 Afrika nzima huiadhimisha kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika. Mtoto wa Soweto ya Mbeya anastahili kuelezwa kwamba jina la mtaa wake lilibebwa na watoto wenzake, tena wakiwa na sare za shule.

Mchana ndipo inapoonekana desturi ambayo haikuja na meli yoyote. Watoto hawali kanisani tu. Siku nyingine hugawanywa, kumi kwa mama huyu, kumi kwa mama yule, wakaenda kula makande au ndizi na maharage kwenye nyumba ambazo wengine hawajawahi kuingia. Kesho yake hubadilishana. Mtaalamu wa mila Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, alieleza jinsi wavulana wa rika moja walivyojenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao, wakalala huko pamoja, na kula wakizunguka kwa mama wa kila mmoja kwa zamu. Waliita ukwangala hali hiyo ya kukaa vizuri na wenzako, kula nao, kuzungumza nao, kufundishana adabu. Mtu anayekula peke yake hakuwa mtu mwema. Vijiji vya rika vimekwisha, ardhi haitoshi tena. Lakini ukiwaona watoto kumi wa makabila tofauti, Msafwa, Mnyakyusa, Mkinga, Mndali, Mnyiha, wamezunguka sinia moja kwenye nyumba ya kupanga Soweto, mikono ikipokezana juu ya sinia, utajua ukwangala umepata mahali pengine pa kuishi.

Halafu inakuja Jumapili ya mavuno. Jumapili hiyo madhabahu haionekani vizuri kwa mali iliyoletwa: magunia ya mahindi, mikungu ya ndizi, kabichi, parachichi, maboga, miwa iliyoegemezwa ukutani, kuku waliofungwa miguu wanaochangia mahubiri kwa wakati wao. Anayelima Chimala ameleta mpunga. Asiye na shamba amenunua kitu sokoni, au ameleta bahasha. Na katikati ya hayo yote kuna sado. Msomaji asiyeijua Mbeya aelewe kwamba sado ni kile kindoo cha rangi cha lita nne kilichogeuka kipimo cha soko. Gunia hupimwa na wenye shamba. Debe ni la mwenye nafasi. Sado ni ya mama anayenunua unga wa siku mbili, na kanisani ndiyo sadaka ya wengi.

Kabla ya mnada wazee huondoa fungu. Hakuna anayetangaza ni la nani. Linawekwa chumba cha pembeni, na daftari linajua. Kilichobaki hutolewa nje, watu hufanya duara uani, na mnadi husimama katikati. Anayechaguliwa ni mtu mwenye sauti na mwenye kujua watu, maana mnada wa kanisani hautafuti faida kama wa sokoni. Huko mtu hununua kwa bei ndogo anavyoweza. Hapa yai moja huanza kwa shilingi mia tano na kufika elfu tano huku watu wakipiga vigelegele, kwa sababu wote wamemwona bibi aliyelileta. Kijana wa bodaboda akilishinda hatalibeba, atasema, "Nalirudisha." Litanadiwa tena, na mara ya tatu atakayelichukua atampelekea bibi huyohuyo na kumwambia ni zawadi yake. Bibi atapiga goti kidogo na kusema ndaga, neno la Kinyakyusa linalobeba asante na mengine mengi. Yai lake limeleta fedha nyingi kuliko debe la mahindi, na analo mkononi.

Nimesimama katika duara hilo mara nyingi na bado koo hunikaba. Siku hizi zipo sauti, nyingine za watu ninaowaheshimu, zinazosema mazao yanasumbua, yanaoza, kuku wanachafua, afadhali kila mtu atume fedha kwa simu na risiti iwepo. Hesabu zinakuwa safi, nakubali. Lakini bibi yule hana simu yenye salio. Ana kuku. Siku sadaka itakapokuwa ya simu peke yake, bibi atabaki kuwa mtu wa kupelekewa, na hatakuwa tena mtu wa kuleta. Hilo linaniuma kuliko kuku kuchafua sakafu.

Fedha ya mnada hugawanywa, nyingine kwa bati na mbao, nyingine kwa safari. Kwaya huitwa na kwaya za Mbozi au Rungwe, vijana hupanda kirikuu wakiimba tangu Mafiati, na wao watawapokea wale wakija Agosti. Kwa Wamoravian kuna tarehe 13 Agosti, kumbukumbu ya kuhuishwa kwa kanisa lao huko Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1727, na matarumbeta yao husikika mtaa mzima. Kabla ya hapo wengine watakuwa wamekwenda Uyole kwenye maonyesho ya wakulima ya Nanenane kuangalia mbegu. Sehemu nyingine ya fedha na lile fungu la chumba cha pembeni huenda kwa wagonjwa. Hospitali ya rufaa ya Mbeya hupokea watu kutoka Chunya, Kyela, Songwe na mbali zaidi, na ndugu wanaowauguza hawana pa kupikia. Akina mama wa kanisa huingia saa ya kuona wagonjwa na vikapu: uji kwenye chupa za chai, ndizi zilizopikwa, sabuni, khanga. Hawahubiri sana. Wanauliza jina, wanasali kwa kifupi, wanakusanya nguo chafu na kuondoka nazo kuzifua. Ng'ambo ya mto Songwe, nchini Malawi, akina mama wa Kipresbiteri wa Livingstonia wana chama chao, Umanyano, jina lililosafiri kutoka Afrika Kusini kama lilivyosafiri la mtaa wetu. Hapa kwetu vyama vina majina mengine, nguo za kufua ni zilezile.

Nami nayajua haya kutoka upande wa pili wa daftari. Nilipokuwa darasa la nne, baba aliugua Machi na hakuinuka hadi mvua zikaisha. Shamba letu la kukodi lilibaki na magugu. Mama aliuza sufuria mbili kubwa, akaacha kwenda kanisani kwa madai kwamba sweta lake limechanika. Julai, jioni, mzee alipiga hodi. Alikunywa chai isiyo na sukari bila kubadili uso. Aliongea na baba kuhusu mpira. Alipoondoka tuliona mlangoni gunia dogo la mahindi na sado ya maharage, na juu ya maharage pande la sabuni ya mche. Mama alikaa kitandani akitazama hiyo sado muda mrefu. Sikuelewa kwa nini analia, tulikuwa tumepata chakula.

Maharage yaliliwa majuma mawili. Mama akaiosha sado kwa majivu, akaianika juani, akaifunika kwa kitambaa na kuiweka juu ya kabati, akitukataza kuigusa. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, na hatukuwa na cha kutia ndani. Ilikaa pale Agosti yote, ikakaa Krismasi. Baba alipopata nguvu walilima robo eka nyuma ya nyumba ya shangazi, huko Nsalaga. Jumapili ya mavuno iliyofuata mama alivaa sweta lilelile, limeshonwa kiwikoni, akaishusha sado kutoka juu ya kabati. Alitia maharage hadi yakafanya kilima, akayashindilia, akaongeza. Njia nzima hadi kanisani alikataa nimsaidie kubeba.