Mchezo wa woga: kaseti, saa moja, na jina la msichana aliyechomwa

Kule Australia, mwaka 1991, mabwana wawili, Brett Clements na Phillip Tanner, walitoa mchezo wa ajabu. Walichukua ubao wa kuchezea, sawa ludo au dame yetu, wakaunganisha na kaseti ya video. Waliuita Nightmare, maana yake ndoto mbaya. Baadaye ukajulikana kwa jina la Atmosfear. Sisi tunauleta hapa kwa wasomaji wa Luberizi na wa machimbo, ju ndani yake muna mambo yanayotuhusu kuliko tunavyofikiri.

Unachezwa namna gani?

Wachezaji wanazunguka meza. Kabla ya kuanza, kila mtu anaandika kwenye karata kitu anachoogopaka zaidi: nyoka, giza, maji, kufa. Karata zote zinatiwa katikati ya ubao, ndani ya kisima cha woga. Kisha kaseti inaingia ndani ya mashine, na kwenye televizyo anatokea mzee mmoja mwenye kofia ya joho, uso wa kutisha: Mlinzi wa lango. Aliyemcheza ni Wenanty Nosul.

Huyo mzee hana huruma. Saa inahesabu kwenye ekrani, minuti 60, na yeye anakatiza mchezo wakati wowote anaopenda. Anapiga kelele, anatukana, anamwita mmoja, anamfungia asicheze. Akiuliza, unapaswa kujibu kwa heshima sawa mtoto mbele ya mukubwa. Mchezaji anatafuta funguo sita, kisha anakimbilia katikati na kutoa karata moja ndani ya kisima. Ikiwa karata si ya woga wake mwenyewe, ameshinda. Minuti 60 zikiisha bila mshindi, Mlinzi ndiye ameshinda, na anawacheka wote.

Mwaka 1992 na 1993 zikafuata kaseti zingine tatu, kila moja na mkubwa wake mwingine wa kutisha. 1995 ukatoka ubao mpya. Kaseti zilipoanza kupotea sokoni, mchezo ukahamia kwenye DVD mwaka 2004, na mwaka 2019 ukaingia kwenye simu. Wachimbaji wajue: kasiterite inayotoka humu Kivu ya Kusini inazaa etain, na etain ndiyo inashikamanisha vyuma vidogo ndani ya mashine hizo zote. Kwa hiyo hata kelele za yule mzee zinapitaka ndani ya jasho la creuseur.

Majina yenye historia

Ndani ya mchezo kuna viumbe sita, na waliowatunga walienda kuokota majina ya kweli. Khufu ni mfalme wa Misri, mwenye piramidi kubwa. Gévaudan ni pori la Ufaransa ambako, kati ya 1764 na 1767, mnyama alikula watu wengi, hasa wanawake na watoto. Baron Samedi ni bwana wa makaburi katika dini ya watu wa Haiti. Na Haiti ile ilijazwa na watumwa, wengi wao waliotolewa upande wetu wa Kongo. Wajuzi wengi wa lugha wanaona hata neno zombi lilivuka bahari pamoja nao.

Lakini jina moja linatusimamisha: Anne de Chantraine. Kwenye mchezo yeye ni mchawi, anacheka, anatisha watoto. Mwenyewe alikuwa msichana wa kweli, katika nchi inayoitwa leo Ubelgiji. Walimshitaki uchawi, na mwaka 1622 wakamchoma moto. Wazungu wale wale waliokuja baadaye kutuambia kwamba sisi ndio watu wa giza, walikuwa na moto wao wenyewe.

Kwetu si mchezo

Leo Ulaya, Anne ni karata ya kuchezea. Kwetu, moto haujazimika. Mwaka 2021, katika territoires za Kabare na Kalehe, wanawake walitajwa wachawi na bajakazi, wale wanaojiita watabiri. Wengine wakapigwa, wengine wakachomwa wangali hai. Walikuwa mama za watu.

Na kwenye carré tunajua namna inavyoanza. Shimo linabomoka, kijana anakufa, na kabla hata mwili haujatolewa, mtu anauliza: nani amemroga? Tukumbuke Kamituga, tarehe 11 Septemba 2020. Mvua kubwa ilinyesha, maji yakaingia ndani ya mashimo, creuseurs zaidi ya 50 wakaripotiwa kufa. Ile ilikuwa mvua na udongo uliolegea. Mchawi anayetafutwa mtaani hazuii shimo la kesho kubomoka. Mbao za kushikilia udongo, na kutoka mapema mvua inapotisha, ndiyo dawa.

Watoto nao wanalindwa na sheria: katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na inasema afanyaye hivyo aazibiwe. Mzazi akisikia mchungaji au mtabiri anamnyooshea mtoto kidole, ajue kwamba sheria iko upande wa mtoto.

Tujaribu nyumbani

Mchezo wenyewe hatuna haja ya kuununua. Chora ubao juu ya karton, tumia vifuniko vya chupa, weka saa ya simu minuti 60, na mukubwa mmoja ashike kazi ya Mlinzi. Kila mtu aandike woga wake, baba pia. Baba anayeshukaka ndani ya shimo kila siku, mara nyingi hasemi kitu nyumbani. Siku atakapoandika "udongo" kwenye karatasi, mke na watoto watajua wamwombee nini na wamwulize nini.

Sharti letu ni moja tu. Kwenye karata andika kitu: udongo, maji, giza, njaa. Usiandike jina la jirani.