Urithi wa Viumbe (4): Tembo wa Karema na njia za Katavi

Habari za tembo kuingia mashambani mkoani Katavi zimerudi magazetini, na kama kawaida lawama zote anabebeshwa mnyama. Msomaji tuliyeanza naye anakumbuka jeni ni nini na mabadiliko yake huzukaje. Leo, kabla ya kumlaumu tembo, tutazame nguvu nyingine zinazopandisha au kushusha wingi wa jeni katika kundi.

Ya kwanza ni uhamaji, na hapo siwezi kuipita Karema. Mwaka 1879 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aligharimia tembo wanne wa India, wakateremshwa Dar es Salaam chini ya Frederick Carter, ili ijulikane kama wangeweza kubeba mizigo badala ya wapagazi. Walikufa njiani mmoja baada ya mwingine. Mmoja tu ndiye aliyefika kituo cha Wabelgiji pale Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, naye hakudumu. Mwaka uliofuata Carter mwenyewe, akitoka Karema, aliuawa wapiganaji wa mtemi Mirambo walipoivamia Mpimbwe. Kisa hiki nakipenda kupita kiasi, nakiri, lakini hakijatoka nje ya mada: tembo wale hawakuacha jeni hata moja katika nchi hii. Anayehama asizae na wenyeji habadilishi kitu. Na tazama kiburi cha mfalme: kununua tembo ng'ambo, huku wa hapa wakiuawa kwa ajili ya pembe!

Pembe zinatuleta kwenye uteuzi. Kule Gorongosa, Msumbiji, vita vya 1977 hadi 1992 viliangamiza zaidi ya asilimia 90 ya tembo. Jike asiye na pembe hakuwa na faida kwa jangili, akabaki kuzaa. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha majike wa namna hiyo walipanda kutoka takriban asilimia 18 hadi 51. Sisi nasi tusijitoe: tembo wa Tanzania walishuka kutoka zaidi ya 109,000 mwaka 2009 hadi karibu 43,000 mwaka 2014. Bunduki huchagua nani awe mzazi.

Iliyobaki ni bahati nasibu, na hii hupenda makundi madogo. Tembo 10 wanaozaa, wakitengwa na wenzao, hupoteza karibu asilimia 5 ya utofauti wao wa kijeni kila kizazi. Wakiwa 500, ni sehemu moja tu ya elfu. Dawa yake ni dume mgeni kupita. Atapita wapi, ikiwa shoroba kati ya Katavi, Mahale na Ugalla zinageuzwa mashamba ya mahindi na mazizi?

Wenyeviti wa vijiji, mnapokaa kupanga matumizi ya ardhi, choreni njia ya tembo kwanza, ndipo mgawe mashamba.