Nani Analipia Malezi ya Mtoto Mdogo? Ruzuku na Vituo vya Kulelea Watoto Mchana

Ukifika soko la samaki la Mwaloni Kirumba, wilayani Ilemela, asubuhi na mapema, utawakuta akina mama wakichambua, wakipima na kufunga dagaa kwenye magunia. Jiulize: watoto wao wadogo wako wapi saa hizo? Wengine wako mgongoni. Wengine wanacheza jirani na maji. Wengine wamebaki nyumbani na dada yao, ambaye siku hiyo hakwenda shule. Huenda dada huyo ni mwanafunzi mwenzako.

Swali hili linaonekana kuwa la familia, lakini linahusu pia matumizi ya fedha za umma. Lisome kwa makini.

1. Maneno muhimu

Kituo cha kulelea watoto mchana ni mahali ambapo watoto ambao hawajaanza shule hutunzwa wakati wazazi wao wako kazini.

Usajili ni kibali cha serikali kinachoonyesha kwamba kituo kimetimiza masharti ya usalama, afya na malezi.

Ruzuku ni fedha ya umma inayotolewa ili kumpunguzia mtumiaji gharama ya huduma. Inaweza kulipwa kwa kituo chenyewe, au kwa mzazi kwa njia ya vocha. Usichanganye ruzuku na mkopo. Mkopo hurejeshwa, ruzuku hairejeshwi.

2. Tulikotoka

Katika kipindi cha Ujamaa, baadhi ya vijiji vilianzisha vituo vya kulelea watoto ili akina mama waweze kwenda shambani. Mwaka 1981 ilitungwa sheria ya kusimamia vituo hivyo. Baadaye nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo inataka vituo visajiliwe na kukaguliwa. Maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri wana sehemu kubwa katika kazi hiyo. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomlenga mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8.

3. Fedha za umma zinafika wapi?

(a) Darasa la awali. Kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, elimumsingi katika shule za umma ilianza kutolewa bila ada kuanzia Januari 2016, darasa la awali likiwemo.

(b) TASAF. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini hutoa fedha kwa kaya zenye hali duni. Watoto wadogo wanatakiwa kupelekwa kliniki, na wenye umri wa shule kuhudhuria masomo.

(c) Mikopo ya halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha wanawake kinaweza kukopa na kuanzisha kituo, lakini kitarejesha fedha hiyo, hivyo lazima kitoze ada.

Umeona pengo? Mtoto wa miaka 2 au 3 hajafikia darasa la awali. Ada ya kituo chake hulipwa zaidi na mzazi, isipokuwa pale ambapo taasisi za dini au mashirika hutoa msaada.

4. Kwa nini ada haishuki?

Mlezi mmoja hawezi kutunza watoto wengi kwa usalama. Kituo kinachofuata masharti kinahitaji walezi wa kutosha, vyoo, maji safi na eneo lenye uzio. Yote hayo ni gharama.

Chukua mfano wa kubuni. Mama anapata shilingi 6,000 kwa siku na ana watoto wawili. Kituo kilichosajiliwa kinatoza shilingi 2,000 kwa kila mtoto. Akilipa, anabaki na shilingi 2,000. Serikali ikilipa nusu ya ada, anabaki na 4,000. Mshahara wake haukupanda, lakini kilichobaki mkononi kimekuwa mara mbili. Bila ruzuku, atatafuta mahali pa bei nafuu pasipokaguliwa, au atamzuia binti yake mkubwa kwenda shule.

5. Mfano kutoka kwa jirani

Katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, watafiti waliwapa baadhi ya akina mama, waliochaguliwa bila upendeleo, vocha za kupunguza gharama ya malezi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba idadi ya waliokuwa na kazi ilikuwa juu kwa pointi 8.5 za asilimia kuliko kwa wale ambao hawakupewa.

Kwetu kando ya ziwa kuna sababu ya ziada. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto ambao hawajaanza shule watunzwe mahali salama mbali na maji, kama njia mojawapo ya kuzuia vifo vya kufa maji.

6. Hoja ya upande wa pili

Mapato ya serikali yana mipaka, na kila shilingi inayokwenda kwenye vituo ingeweza kujenga darasa au zahanati. Tena, ruzuku ikienda kwenye vituo vilivyosajiliwa pekee, mwalo wa Ukerewe usio na kituo hicho hautapata kitu. Kwa hiyo ruzuku iende pamoja na kusaidia vituo vidogo kutimiza masharti na kusajiliwa.

Kumbuka: usajili bila ruzuku humlinda mtoto ambaye mzazi wake anaweza kulipa. Ruzuku bila usajili inaweza kulipia mahali pasipo salama. Vyote viwili vinahitajiana.

Swali la kujipima

"Malezi ya mtoto mdogo ni jukumu la mzazi peke yake." Jadili kauli hii kwa hoja sita.

Mwongozo: Anza kwa kueleza maana ya malezi na ruzuku. Toa hoja za pande zote mbili, kila moja na mfano kutoka mazingira yako. Hitimisha kwa msimamo wako. Mwanafunzi anayeorodhesha hoja bila kuzifafanua hupoteza alama.