Kasoro ya Huygens iliyogunduliwa safarini

Chombo cha anga kikishaondoka kwenda sayari za mbali, fundi hawezi tena kukifuata na bisibisi. Kinachobaki ni amri zinazopelekwa kwa mawimbi ya redio, na kufika Zohali mawimbi hayo huchukua zaidi ya saa moja. Ndiyo maana kila amri huandikwa na kukaguliwa mapema.

Cassini ilirushwa kutoka Florida Oktoba 15, 1997, ubavuni ikiwa imebeba Huygens, chombo kidogo cha Ulaya cha kutua Titan, mwezi mkubwa kuliko yote ya Zohali. Huygens ingetuma data kwa Cassini, nayo Cassini izifikishe duniani.

Mwaka 2000 Boris Smeds, mhandisi wa Shirika la Anga la Ulaya, alishikilia kwamba kipokezi cha Cassini kijaribiwe kikamilifu. Kwa antena ya Goldstone, California, alituma mawimbi yaliyoiga ya Huygens, pamoja na mabadiliko yanayoletwa na mwendo. Aliyewahi kupishana na gari la wagonjwa anayajua: king'ora huwa chembamba likija, kizito likishapita. Kipokezi kililifuata wimbi lenyewe, lakini kasi ya data ilipobadilika kikashindwa. Data zingefika zimevurugika, na programu ya kipokezi hicho haikuweza kubadilishwa kutoka mbali. Bila ung'ang'anizi wa Smeds, kasoro hiyo ingejulikana siku ya kutua, wakati hakuna la kufanya.

Kwa kuwa kipokezi hakirekebishiki, ilibadilishwa njia. Cassini ilipangiwa kupita yapata kilomita 60,000 kutoka Titan badala ya 1,200, ili isiwe inaikimbilia Huygens moja kwa moja bali inaipita kando. Huygens iliachiliwa Desemba 25, 2004, ikatua Januari 14, 2005, baada ya kushuka kwa parachuti kwa karibu saa mbili na nusu. Picha ya ardhini ilionyesha vipande vya barafu vilivyosuguliwa kingo kama kokoto za mtoni, kwenye baridi ya nyuzi 180 chini ya sifuri.

Hata hivyo, njia moja kati ya mbili za mawasiliano ilipotea: amri ya kuwasha kipokezi chake ilisahaulika, na karibu nusu ya picha zikaenda nayo. Vipimo vya upepo, vilivyotegemea njia hiyo hiyo, viliokolewa na darubini za redio duniani, Green Bank ikiwemo, zilizonasa wimbi hafifu la Huygens moja kwa moja. Cassini ilipozama nyuma ya upeo wa Titan, zaidi ya saa moja baada ya kutua, Huygens ilikuwa bado inatuma.