Mungu si zimwi la kumtishia mtoto

Usiku bati hulia. Limeshinda juani kutwa nzima, na likianza kupoa linajikunja na kutoa mlio kama wa mtu anayenyata juu ya paa. Mtu mzima anajigeuza upande wa pili na kuendelea kukoroma. Mtoto wa miaka minne anafumbua macho ndani ya chandarua na kukumbuka kila alichoambiwa mchana: kwamba asipomaliza uji dudu litamchukua, kwamba akilialia askari atakuja, kwamba daktari atamdunga sindano. Na katika nyumba nyingi za waumini kuna la ziada: kwamba Mungu anamwona na atamtupa motoni.

Hilo la mwisho ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana usiku huohuo tunataka mtoto huyohuyo amkimbilie Mungu. Atamkimbiliaje aliyetajwa pamoja na dudu?

Kati ya miaka mitatu na sita hofu ya giza ni jambo la kawaida kabisa. Katika umri huo akili ya kubuni mambo inakua haraka kuliko uwezo wa kutenganisha kilichopo na kinachodhaniwa. Kumwambia mtoto “hakuna kitu, lala” ni kazi bure, kwa sababu amesikia kwa masikio yake mwenyewe. Afadhali uketi pembeni ya kitanda, usikilize naye, umtajie kila sauti: hilo ni bati linapoa, huyo ni popo anagombania maembe, yule ni jirani anafunga geti. Halafu msali, na sala iwe fupi. Mshukuruni Mungu kwa bati linalozuia mvua, kwa popo aliyemuumba, kwa jirani aliyefika salama, kisha mwombeni akae nanyi mpaka kuche. Mzazi anayeanza kwa kukemea ibilisi gizani kwa sauti ya juu huwa na nia njema, lakini anachosikia mtoto ni kwamba kumbe kweli kuna mtu darini.

Wimbo nao una kazi yake. Anayeimba hulazimika kutoa pumzi polepole, na pumzi ikitulia mapigo ya moyo nayo hushuka. Wimbo uleule mmoja, kila usiku, kwa sauti ya mama au babu, unatosha. Hauhitaji kinanda wala kwaya.

Kuna hofu nyingine ambayo wazazi wengi huiita mapepo. Saa moja au mbili hivi baada ya kulala, mtoto anakurupuka, anapiga kelele, macho yako wazi lakini hakutambui, jasho linamtoka. Asubuhi hakumbuki chochote. Madaktari wanalifahamu jambo hili; huwapata watoto wadogo zaidi, na wengi wao huliacha kadiri wanavyokua. Usimtikise ili aamke. Kaa karibu asijiumize, omba kimoyomoyo, subiri limpite. Asubuhi usimsimulie mbele ya ndugu zake jinsi alivyopagawa, maana usiku unaofuata ataogopa kulala.

Degedege ni habari tofauti kabisa. Mtoto mwenye homa anayekakamaa na kurusharusha viungo anahitaji hospitali mara moja, hasa katika maeneo yenye malaria. Kwa vizazi vingi watu wetu wamelihusisha na shetani au ndege wa usiku, na kuna watoto waliocheleweshwa kwa sababu hiyo. Sala na bodaboda vinaweza kwenda pamoja njiani.

Walimu wa shule ya Jumapili huipenda sana habari ya dhoruba iliyo katika Marko sura ya 4, na wana haki ya kuipenda. Ziwa la Galilaya liko zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari, limezungukwa na vilima, na upepo hulishukia ghafla. Wanafunzi wa Yesu waliokuwa chomboni hawakuwa washamba wa maji. Baadhi yao walikuwa wavuvi wa ziwa hilohilo, na bado waliogopa. Yesu amelala nyuma, kwenye shetri, na Marko hasahau kutuambia kwamba alikuwa na mto. Watoto huupenda mto huo. Waambie wamchore akiwa ameulalia, utaona jinsi wanavyouchora mkubwa kuliko mashua.

Ila tazama mfuatano. Kwa Mathayo, Yesu anawauliza wanafunzi juu ya hofu yao kwanza, ndipo anatuliza upepo. Kwa Marko na Luka, upepo unatulizwa kwanza, maswali yanafuata. Wanateolojia wana maelezo yao kuhusu tofauti hiyo. Mimi kama mzazi nachukua mfuatano wa Marko: tuliza kwanza, fundisha baadaye. Saa nane za usiku si saa ya kumhoji mtoto juu ya imani yake.

Eliya naye alishughulikiwa hivyohivyo. Katika 1 Wafalme 19 amekimbia kuokoa roho yake, amekata tamaa mpaka anaomba afe, na malaika anayemjia haanzi na hotuba. Anampa mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji, anamwacha alale tena, anamlisha mara ya pili. Kikombe cha maziwa ya moto kabla ya sala kina msingi wake katika Maandiko.

Pagumu zaidi ni pale mtoto anapoogopa jambo la kweli. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuvamia Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Mtoto aliyeona hayo akitetemeka mvua inapoanza, huwezi kumwambia kuwa mvua haina madhara. Wala usimwahidi kwamba akisali hayatatokea tena. Zaburi ya 23 yenyewe haifanyi hivyo: bonde la kutisha limo ndani yake, na mchungaji anapita humo pamoja na kondoo wake. Mwambie hilo. Kisha mwonyeshe mtakakokimbilia mvua ikizidi, nani atambeba mdogo wake, na taa iko wapi. Mpango huo utamtuliza sawa na sala.

Na siku atakapouliza kwa nini bibi alikufa ilhali mliomba nyumba nzima, usiharakishe kujibu kwamba Mungu alimpenda zaidi. Mtoto mwenye akili atawaza kuwa Mungu akikupenda anakuchukua, na yeye hataki kupendwa namna hiyo. Zaburi ya 88 ni malalamiko tangu mwanzo mpaka mwisho na inaishia gizani bila faraja yoyote, na bado imebaki katika kitabu. Kwa hiyo mwache amlalamikie Mungu kwa maneno yake mwenyewe, hata akikasirika. Kama hajui aanzeje, sema wewe kwanza kwamba na wewe umemkumbuka bibi, na kwamba hujui kwa nini.