Alkali: Istilahi ya Ulaya, Majivu ya Bungoma

Wapo wanaodai kuwa Kiswahili hakijitoshelezi kufundishia sayansi kwa sababu istilahi zake ni za kuazima. Historia ya istilahi "alkali" yaonyesha udhaifu wa dai hilo.

Katika shule za upili za Kitale na Bungoma, ambako kemia hufunzwa kwa Kiingereza, mwanafunzi hukariri kwamba alkali ni besi inayoyeyuka katika maji na kugeuza litimasi nyekundu kuwa ya buluu. Hulichukulia neno hilo kuwa la Mwingereza. Hata hivyo, Waingereza husema alkali, Wafaransa alcali, Wajerumani Alkali na Wahispania álcali kwa kuwa wote walilitoa katika Kiarabu: al-qaly, yaani majivu ya mimea iotayo penye chumvi. Huko Ulaya maana ya majivu ilififia, ikabaki dhana ya maabara tu.

Hali kadhalika, herufi K iliyopigwa chapa kwenye magunia ya mbolea ya NPK yauzwayo Kitale ni ya kalium, jina la Kilatini cha wanasayansi lililochipuka kutokana na neno lilo hilo. Nalo jina potasiamu, alilolibuni Humphry Davy mwaka wa 1807, chimbuko lake ni maneno mawili: chungu na majivu.

Majivu hayo si mageni Bungoma. Tangu jadi, akina mama wa Kiluhya huchoma maganda makavu ya maharagwe, wakatia majivu yake katika chombo chenye matundu, kisha wakamimina maji juu yake. Maji yanayochuruzika ndiyo musherekha, ambayo hulainisha kunde na mrenda chunguni. Kemia huyaeleza kuwa mmumunyo wenye kabonati ya potasiamu kwa wingi. Kwa hiyo, ni alkali.

Ni bayana, basi, kwamba kila lugha iliyo na istilahi hii nje ya Kiarabu imeiazima. Kiswahili, ambacho kimepokea msamiati mwingi wa Kiarabu, hakina sababu ya kuionea haya. Lililopungua ni maelezo. Mwalimu akianza na musherekha kabla ya litimasi, mwanafunzi atatambua kwamba nyanya yake alikuwa na alkali jikoni kabla ya shule kuwa na maabara.